Kunakili Ni Kujifunza, Lakini Usiishie Hapo

(Haya ni mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Sumbawanga.)

 

  Nimeombwa niseme juu ya kujiendeleza baada ya kisomo. Pengine mlitegemea niseme habari za mbolea au za kuweka akiba. Hayo tutayasema siku nyingine. Leo nataka kusema habari za picha.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita mama mmoja, mhitimu mwenzenu, alikuja kwangu kuazima kitabu. Akaona picha ukutani. Ni picha ya mtu mwenye ndevu, amevaa joho na kilemba kikubwa. Akaniuliza:

"Mwalimu, umeichora wewe?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Mtu huyu ulimwona wapi?"

"Sikumwona. Alikufa mwaka 1856. Nimenakili picha iliyomo kitabuni."

Akacheka sana. Akasema, "Kumbe! Sisi ukituona darasani tunanakili kwa jirani unatukemea. Na wewe je?"

Jamani, sikuwa na jibu la haraka. Nikamwahidi kuwa nitamjibu mbele ya wenzake. Basi leo ndiyo siku yenyewe.

MTU WA KWENYE PICHA

Kwanza tumjue mtu huyu. Ni Sayyid Said bin Sultan, mfalme wa Omani na Zanzibar. Ndiye aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na kuhimiza kilimo cha karafuu. Alikufa baharini mwaka 1856, akiwa safarini kutoka Omani kurudi Unguja.

Picha yake inayojulikana sana inatokana na kazi ya ofisa mmoja, Luteni Henry Blosse Lynch. Ilichorwa kwa rangi ya mafuta. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji wa Salem, huko Marekani. Mnauliza, picha ya mfalme wa Unguja inafanya nini Marekani? Jibu ni biashara. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa Salem walikuja Unguja kununua pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Wao walileta kitambaa cha pamba. Kitambaa hicho mnakijua kwa jina. Ndiyo merikani. Kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Kilifika mpaka huku bara, ambako wazee wetu wa Ufipa walikuwa wanafuma vitambaa vyao wenyewe vya pamba.

Kwa hiyo picha hii si ya mbali sana na sisi kama inavyoonekana. Nitarudi kwenye jambo hilo.

RANGI YA MAFUTA NI NINI?

Ukienda dukani ukasema "rangi ya mafuta", utapewa kopo la rangi ya kupaka milango. Mimi nilifanya kosa hilo. Chuoni, nilipokuwa najifunza ualimu, mkufunzi mmoja alituonyesha kuchora kwa rangi ya mafuta. Nilipopangiwa kazi huku nikataka kujaribu peke yangu. Nikanunua rangi ya milango, nyekundu, nyeupe na nyeusi. Nikamchora Sultani juu ya kipande cha plaiwudi. Asubuhi nikakuta ndevu zimetiririka mpaka tumboni, na shavu limejikunja kama maziwa yaliyoganda. Ile plaiwudi sasa ni mlango wa banda la kuku.

Rangi ya wachoraji ni nyingine. Ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Huuzwa katika vibomba vidogo kama vya dawa ya meno. Mimi nililetewa kutoka Dar es Salaam. Rangi hii hukauka polepole sana. Sehemu nyembamba hukauka kwa siku chache. Sehemu nene huchukua majuma. Huo ndio ubaya wake, na ndio uzuri wake pia. Ukikosea leo, kesho bado unaweza kufuta kwa kitambaa na kurudia.

Yapo mambo matatu ya kukumbuka.

La kwanza, usipake rangi hii juu ya kitambaa kitupu. Mafuta huozesha kitambaa. Paka kwanza gundi, kisha rangi nyeupe ya msingi, uache ikauke.

La pili, anza na rangi nyepesi, iliyochanganywa na tapentaini. Rangi yenye mafuta mengi ije juu. Ukifanya kinyume, rangi ya juu itakauka upesi na ya chini bado ni mbichi. Mwisho wake picha itapasuka. Ni kama kupiga lipu juu ya ukuta ambao haujakauka. Mnajua wenyewe kinachotokea.

La tatu ni la hatari. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike pembeni ya nyumba. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Viweke ndani ya kopo la maji. Na brashi usiilambe kwa ulimi ili kuichonga ncha. Rangi nyingine zina sumu.

NILIVYONAKILI

Picha ya kitabuni ilikuwa ndogo. Upana wake sentimeta 8, urefu wake sentimeta 10. Niliweka juu yake karatasi ya nailoni ili nisiharibu kitabu. Juu ya nailoni nikapiga mistari, nikapata miraba ya sentimeta moja moja. Tufanye hesabu pamoja. Nane mara kumi ni ngapi? Ni 80. Basi nilipata miraba 80.

Kisha nikachukua turubai nililolibana kwenye fremu ya mbao. Upana wake sentimeta 40, urefu wake sentimeta 50. Nikapiga mistari ya penseli, nayo nikapata miraba 80, ila kila mmoja una upande wa sentimeta 5. Halafu nikachora mraba mmoja mmoja. Kilichomo katika mraba wa kwanza kitabuni nikakiweka katika mraba wa kwanza kwenye turubai. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mnaona? Sikuchora pua. Nilichora mstari uliopita katika mraba wa 35. Sikuchora jicho. Nilichora doa jeusi na doa jeupe. Nilipomaliza miraba yote, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona mtu ananitazama.

Hapo nilijifunza jambo la kwanza. Mimi nilikuwa nadhani najua jicho la mtu lilivyo. Kila siku naona macho. Kumbe nilikuwa sitazami. Nilikuwa nachora jicho nililolikariri, lenye umbo la samaki, kama watoto wanavyochora. Miraba ilinilazimisha nitazame kilichopo, siyo ninachokidhania.

Jambo la pili ni juu ya rangi. Rangi ya ngozi ya mtu haiuzwi dukani. Inachanganywa. Unatia nyekundu, unatia njano, unatia buluu kidogo, unatia nyeupe, unajaribu, unakosea, unajaribu tena. Na kivuli cha shavuni si cheusi. Nilipoweka nyeusi, Sultani akawa kama mtu aliyejipaka masizi. Nilipoweka kahawia yenye buluu kidogo, shavu likaingia mahali pake.

Jambo la tatu ni uvumilivu. Kilemba peke yake kilinichukua majuma matano. Kina mikunjo mingi, na kila mkunjo una upande wa mwanga na upande wa giza.

Sasa namjibu yule mama. Darasani, ukimnakili jirani jibu la hesabu, unapata alama lakini hupati akili. Unaficha usichokijua. Lakini mlipoanza kisomo, mwalimu aliandika herufi "a" ubaoni, nanyi mkaiandika mara ishirini. Mkono ulitetemeka. Wengine mlitoboa karatasi. Huko nako kulikuwa kunakili, na hakuna aliyewakemea. Mlikuwa hamfichi kitu. Mlikuwa mnafundisha mkono. Hata wachoraji wakubwa wa Ulaya, kwa karne nyingi, walianza kwa kunakili kazi za walimu wao. Kwa hiyo, mama, kunakili kwa kujifunza si wizi. Ila sema wazi kuwa umenakili. Nyuma ya picha yangu nimeandika: "Nimenakili."

SWALI LA MZEE

Ningependa kuishia hapo, maana hapo nimejitetea vizuri. Lakini lipo swali jingine, nalo ni gumu zaidi.

Jirani yangu alikuwepo mzee mmoja. Alikuwa hajui kusoma mpaka alipoingia darasa letu akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini. Alipenda kuja jioni kusoma gazeti kwa sauti. Siku moja alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu. Akaniuliza:

"Mwalimu, huyu ni babu yako?"

"Hapana, mzee. Ni Sultani wa Unguja."

"Alifika hapa Ufipa?"

"Hakufika. Ila misafara ya kutoka pwani ilifika, wakati wake na wakati wa wanawe."

Mzee akanyamaza. Halafu akasema, "Misafara hiyo babu yangu alinisimulia. Watu walikuwa wanajificha. Sasa, mwenye misafara umemtundika ukutani. Na aliyejificha yuko wapi?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinikaa kifuani. Ni kweli. Misafara ya biashara ilikuja mpaka Ziwa Tanganyika na nchi yetu ya Ufipa. Ilitafuta pembe za ndovu, na ilichukua watu pia. Biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari kutoka Unguja ilipigwa marufuku mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, mwana wa huyu Said. Mimi nilipochagua picha sikufikiri hayo. Nilipenda kilemba tu.

Tena nikafikiri. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita Ufipa, akafika kwa Mwene Kapufi wa Nkansi. Habari zimeandikwa katika kitabu chake. Lakini mimi sijapata kuona picha ya rangi ya mafuta ya Mwene yeyote wa Ufipa. Tunayo hadithi ya Milansi. Wazee wanaijua. Mtawala wa Milansi alitoka kwenda kuwinda, akamwambia mkewe, akija mgeni asimpe kiti changu. Wakaja wanawake watatu wageni, wakakalia kile kiti, na utawala ukawa wao. Hadithi tunayo. Sura zao hatunazo. Na kama sura za watawala hatunazo, sura za walioinua matuta, walioyeyusha chuma katika matanuri marefu, waliofuma nguo, tutazipata wapi?

Picha ya rangi ya mafuta ilikuwa kitu cha mwenye nguvu. Anayechorwa ndiye anayekumbukwa. Asiyechorwa wala kuandikwa anabaki katika vinywa vya watu, na vinywa hufa.

WENZETU WALISEMAJE?

Jambo hili wachoraji wa Afrika Mashariki walilifikiri kabla yetu. Sam Ntiro alizaliwa Kilimanjaro, akasoma Makerere, huko Uganda. Baada ya Uhuru alikuwa Balozi wetu mjini London. Mtu huyu aliyeishi na wakubwa alichora nini? Alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakibeba pombe ya ndizi kupeleka harusini. Picha yake moja ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York mwaka 1960.

Mwingine ni Elimo Njau, naye alizaliwa Kilimanjaro na kusoma Makerere. Mwaka 1959 alichora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya. Habari za Yesu alizichora kati ya vilima vya Murang'a, na watu wake ni Waafrika. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi. Anajulikana sana kwa onyo lake kwa vijana: msinakili, maana kunakili kunamlaza Mungu usingizi.

Eti mnaona! Mimi nasema kunakili ni kujifunza, naye anasema tusinakili. Nani mkweli? Nadhani wote wawili. Yeye alikuwa anawaonya watu waliojifunza, halafu wakaendelea kuchora vitu vya wengine maisha yao yote. Ni kama mhitimu wa kisomo ambaye mpaka leo anaandika "baba analima" kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema, wala hajaandika jina la baba yake.

KOSA LANGU

Sasa nitasema kosa langu, ili ninyi msilifanye.

Baada ya siku ile mzee aliniambia, "Basi nichore mimi. Nichore na jembe langu." Nikamjibu, "Subiri kidogo, mzee. Mkono wangu bado haujakomaa." Nikarudi kwa Sultani. Nikamnakili mara ya pili ili kilemba kiwe bora. Mzee akaniuliza tena. Nikasema, "Bado kidogo." Nikamnakili Sultani mara ya tatu. Mwaka mzima ukapita.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Sultani hawezi kusema "hukunipatia". Mzee angeweza kusema, na mkewe angecheka.

Mwishowe tulianza, mwezi wa Juni, wakati wa baridi. Alikaa upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, amejifunika blanketi, jembe mkononi. Hapakuwa na nailoni wala miraba. Kichwa chake kilisogea. Jua lilisogea. Nilikosea sana. Lakini nilikuwa natazama kama nilivyojifunza, na siku ya pili uso ulianza kuja. Mkewe akapita na ndoo, akatazama, hakucheka. Akasema, "Ni yeye, ila mmemfanya mkali."

Tulipanga kuendelea baada ya majuma mawili. Mzee akaugua. Akapelekwa hospitali, hakurudi.

Siku ya matanga wanawe walikuja kuniomba ile picha. Picha nyingine waliyokuwa nayo ni ile ndogo ya kwenye kitambulisho, na nyingine zilikuwa ndani ya simu iliyokwisha kuharibika. Nikawapa. Uso umekamilika kiasi. Mikono na jembe ni mistari ya penseli tu. Waliniuliza kama naweza kumalizia. Nilijaribu kukumbuka mikono yake ilivyokuwa, nikashindwa. Mkono wa Sultani ningeweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Mikono ya jirani yangu, aliyekaa nami kila jioni, sikuijua.

NINYI MFANYE NINI?

Ndugu wahitimu, sisemi kila mtu anunue rangi ya mafuta. Ni ghali. Mkaa wa jikoni unachora. Penseli inachora. Chokaa na udongo mwekundu ambao mnapakia nyumba vinachora. Anayetaka kujifunza aje, tutapiga miraba pamoja. Tuanze kwa kunakili, na picha ya kunakili tutaichagua kwa kuuliza: huyu ni nani, na alitufanyia nini?

Lakini neno langu kubwa ni kwa wote, hata asiyetaka kuchora. Ninyi mmekwisha kunakili herufi vya kutosha. Msiseme, "mwandiko wangu bado mbaya." Msiseme, "ngoja nimalize hatua nyingine." Leo jioni chukua daftari. Andika jina la bibi yako, na la mama yake kama unalijua. Andika alikotoka, alilima nini, alisema nini. Ukikosea herufi, tutasahihisha. Asiyekuwepo hatuwezi kumuuliza.

Sultani bado yuko ukutani kwangu, maana alinifundisha. Lakini pembeni yake kuna turubai jipya. Mama mjane wa yule mzee amekubali kukaa Jumamosi ijayo. Safari hii nitaanza na mikono.



TUJADILIANE

1. Kuna tofauti gani kati ya kunakili ili kujifunza na kunakili ili kudanganya?
2. Picha ina upana wa sentimeta 9 na urefu wa sentimeta 12. Ukipiga miraba ya sentimeta moja moja, utapata miraba mingapi?
3. Mzee aliuliza, "Aliyejificha yuko wapi?" Alikuwa na maana gani?
4. Ni nani kijijini kwenu ambaye habari zake hazijaandikwa? Nani kati yenu ataziandika, na lini?